Shimo Lenye Mlango

Mchuuzi alimtoa pweza wangu wa kwanza kapuni, akampima kwa macho tu, akamweka kando. Wa pili naye akamweka kando. Wa tatu hakumtoa. Alimwangalia humo humo kapuni, kisha akaniangalia mimi.

"Bi mkubwa, hawa watoto," alisema. "Chini ya nusu kilo sichukui tena. N'kikutwa nao mie, leseni yangu ishakwenda."

Nilimjibu kwa maneno ambayo sitayaandika, maana mama yangu yu hai na kila ninachokiandika hutaka asomewe. Yule mchuuzi alikuwa mtu wa Tumbe, mpole, akija kwetu na baiskeli yake na boksi la barafu nyuma, na sheria hakuitunga yeye. Alinieleza kuwa ni ya siku nyingi, ila zamani hakuna aliyeijali. Sasa wanunuzi wakubwa wa mjini wameanza kuwarudisha wadogo. Haya niliyasikia vizuri baadaye, nilipokwisha kumtukana na kuondoka na kapu langu kichwani. Ndivyo nilivyo. Mdomo wangu hutangulia, masikio hufuata.

Nyumbani niliwaponda wale pweza, nikawapika kwa nazi na muhogo. Ilikuwa mara ya tatu wiki ile. Mama, ambaye macho yake yalikuwa yamekwisha na sasa anaona kivuli tu cha mtu, alitafuna kidogo akacheka. "Huyu umemwachisha ziwa lini?" aliniuliza. Nilicheka naye, lakini sote wawili tulijua pweza asiyeuzika maana yake nini.

Maana yake ilikuwa Jadida. Kaka yangu ana duka la vifaa vya ujenzi Wete, na nyumba yake iko Jadida, nyumba nzuri yenye vyumba vya kutosha. Tangu niachwe na mume alikuwa akinisihi nimchukue mama twende tukakae kwake. Hana ubaya. Wifi yangu pia hana ubaya, ila ni mtu wa kukuuliza "umeshiba?" wakati bado umeshika tonge. Mimi tangu nilipopata akili nimekula kwa mkono wangu, na mama kabla yangu vile vile. Nyumba yetu ya matofali ya udongo aliijenga mama kwa pweza, ukuta baada ya ukuta, baba yangu akiwa amekwishaoa kwengine. Nilikuwa naona kuwa siku nikitoka ndani ya nyumba ile na kitanda kikifungwa juu ya pikapu, nitakuwa mgeni mpaka nitakapokufa.

Hapo pana jambo la kueleza. Kwetu mwanamke hurithi mashimo. Mwambani, siku za bamvua, maji yanapokupwa mbali na miamba kubaki wazi, kila mwanamke wa kijiji ana njia yake na mashimo yake anayoyapitia, na hayo aliyapewa na mama yake. Hayaandikwi, hayasemwi mbele ya watu, na si shamba kwamba utapanda mpaka. Mama alinionyesha yangu baada ya arusi yangu, bamvua la kwanza nilipotoka ndani. Alinishika mkono akanipitisha, moja baada ya moja, mashimo ishirini na mawili, na kila moja akanipa alama yake: hili lina jiwe la kichogo cha ng'ombe, hili liko ukiuona msikiti na mnazi mrefu vinapokaa pamoja. Ukikuta mwenzio anachokoa shimo lako, hulumbani naye. Unasimama tu nyuma yake na mchokoo wako, ule ufito wa chuma wa kumtolea pweza, mpaka aone haya.

Na alinifundisha kanuni moja kubwa kuliko zote. "Shimo lenye mlango ndilo lenye mwenyewe," aliniambia. Pweza mwengine hujibanza tu, akisikia mguu anakimbilia ndani au anakuzunguka akatokea kwengine. Lakini pana yule aliyekusanya vijiwe na makome akajizibia mlangoni, akabaki ndani. Huyo hakimbii. Ukimwondolea vijiwe, ukamgusa, atakushika mchokoo badala ya kukimbia, na umempata. Kila mwanamke wa kwetu alikuwa akiomba apate mashimo yenye milango, na mashimo ya mama yalisifika kwa milango. Mimi nilikuwa nikiyaanza hayo, mengine baadaye.

Basi mwaka ule, mashimo ishirini na mawili yalikuwa yakinipa pweza watatu, wanne, ukubwa wa ngumi.

Ilikuwa miaka ya mwanzo baada ya wakubwa wa vyama kupeana mikono. Asiyeishi Pemba kabla ya hapo hawezi kujua tulikuwa wapi. Kijiji kimoja kilikuwa vijiji viwili. Watu walikuwa hawazikani, hawauziani, mtu anauvuka mlango wa duka la jirani akaenda kununua sukari mwendo wa nusu saa kwa sababu ya rangi ya bendera. Ndoa yangu mimi ilikwenda kwa hayo. Mume wangu alikuwa wa upande huu, jirani aliyefiwa alikuwa wa upande ule, akanikataza kwenda matangani. Nilikwenda. Yule mzee aliyekufa ndiye aliyekuwa akinipa madafu nilipokuwa mdogo, nisende kumlilia kwa nini? Niliporudi talaka yangu ilikuwa inaningojea mlangoni pamoja na sanduku langu. Yeye naye ana mdomo unaotangulia. Labda ndiyo maana tulioana.

Kwa hiyo sheha, kiongozi wa serikali kijijini, alipotuita sote skuli kuzungumzia bahari, watu walikwenda zaidi kwa hamu ya kuona nani atakaa karibu na nani. Alikuja na bwana diko, yule mtu wa idara ya uvuvi anayeandika samaki wanaoshushwa pwani, kijana wa watu mwenye daftari na sauti ndogo. Alitueleza kuwa wanataka tuufunge upande mmoja wa mwamba miezi mitatu. Asiingie mtu, wa mguu wala wa kuzamia. Pweza hukua haraka kuliko kuku, alisema. Mwache miezi mitatu umtazame. Alisema na mengine kuhusu mayai na mama zao, lakini kwa wakati huo nilikuwa nimekwishasimama.

Upande walioutaja ndio wenye mashimo yangu.

"Mnatufungia bahari mumpe nani?" niliuliza. "Mzungu gani kashalipa?" Watu wa pande zote mbili waliniunga mkono, na nadhani hilo lilikuwa jambo la kwanza walilokubaliana kwa muda mrefu. Kisha akainuka mume wangu wa zamani. Yeye ni mzamiaji, wale wanaume wenye miwani na mapezi ya mpira miguuni wanaowafuata pweza kwenye maji marefu. Alisema yeye anakubali kufunga, kwa sababu hata kule kwenye kina wamebaki watoto tupu.

Hilo likanipandisha zaidi. "Unakubali, ehe! Siku ya kufungua nyie wenye miwani mtazamia, mmalize wote, sisi wa mguu tubaki kuokota konokono. Ikiwa kufunga, tufunge. Lakini siku hiyo wanawake waingie mwanzo, watoke, ndo muingie nyinyi. Na atakayeonekana upande huo na chombo mkononi kabla ya siku, basi siku ya kufungua akae pwani, asiloweshe hata kisigino!"

Nilidhani nimekivunja kikao. Kumbe bwana diko ameinamisha kichwa anaandika. Sheha akauliza nani anapinga, akazungusha macho pande zote mbili za chumba, na hakuna aliyepinga. Nikakaa chini nikiwa nimeufunga mwamba wangu mwenyewe kwa mdomo wangu mwenyewe. Wanawake wenzangu walinipiga mabegani njia nzima kurudi nyumbani, wakiniita mheshimiwa.

Kaka yangu aliposikia alikuja mbio. Alikaa barazani, akamwambia mama, mimi nikiwa jikoni nasikia. "Miezi mitatu mtakula nini? Basi nawaachia mpaka siku hiyo wanayofungua. Siku hiyo nitakuja na pikapu. Dada akipata kitu cha maana, sisemi tena. Asipopata, tunapakia kitanda, twende." Mimi nilitoka jikoni na mwiko mkononi nikamwambia haya, na aje. Niliapa, na kiapo changu mama alikisikia.

Ile miezi mitatu ilikuwa mirefu. Nilisuka ukili mpaka vidole vikaota sugu mahali ambapo havijawahi kuota. Nililima muhogo wa watu kwa nusu ya mavuno. Upande wa mwamba uliobaki wazi ulijaa wanawake, na mashimo ya huko yalikuwa na wenyewe, nami sikuwa na uso wa kusimama kwenye shimo la mtu. Nilikuwa nikiokota chaza, tukila chaza. Kila bamvua mama aliniuliza, "Mashimo yakoje?" Nikamjibu sijui, yamefungwa. Yeye akawa anaguna. Kwa mama, kumwambia hujui hali ya mashimo yako ilikuwa sawa na kumwambia hujui mtoto wako amelala wapi.

Mwezi wa tatu, bamvua moja kabla ya siku yenyewe, sikuvumilia. Nilikwenda asubuhi, jua limeshapanda, nia yangu kuangalia tu. Naapa ilikuwa kuangalia tu. Lakini mwanamke wa kwetu haendi mwambani bila mchokoo, kama vile hatoki nje bila mtandio. Mkono wenyewe uliuchukua pale mlangoni, mimi sina habari. Nilikuwa nimekwisha kuyapita mashimo matatu ndipo nikaona kuwa ninao.

La nne lilikuwa na mlango.

Vijiwe vimepangwa vizuri, na makome mawili juu yake. Maji yalikuwa ya magoti, yametulia, safi. Niliinama, nikaondoa kijiwe kimoja cha juu nichungulie. Mkono mmoja wa pweza ukatoka taratibu, ukapapasa, ukakishika kile kijiwe pale nilipokiweka, ukakirudisha mahali pake. Nilikiondoa tena. Ukakirudisha tena. Mara ya tatu niliinama mpaka kidevu kikagusa maji, nikaangalia kwa jicho moja kabla mkono haujafika. Ndani, kwenye dari la shimo, vilikuwa vimening'inia vishada vyeupe, vingi, vidogo vidogo kama punje za mchele. Na yeye alikuwa chini yao, amekonda, rangi imempauka, anavipulizia maji. Hakunishughulikia hata kidogo. Alikuwa anataka kijiwe chake tu.

Yale maneno ya bwana diko niliyoyakatiza yakanirudia moja moja: mama hujifungia, hali chakula, huyapepea mayai mpaka yatotoe, kisha hufa. Mayai maelfu kwa maelfu. Nikahesabu milango yote niliyoivunja tangu arusi yangu. Nikahesabu na ya mama. Tulikuwa tukisifiwa kijiji kizima kwa mashimo yenye milango, na kumbe kila bamvua tulikuwa tunaanza na wenye mayai, tukiwatoa kwanza, kwa furaha. Niliona vibaya sana. Sioni haya kusema kuwa nililia, mtu mzima, katikati ya bahari, na mchokoo mkononi.

Ndivyo alivyonikuta mlinzi wa zamu. Wazamiaji walikuwa wakipokezana kulinda, na zamu ile ilikuwa ya mume wangu wa zamani. Alikuja na mtumbwi polepole, akaniangalia mimi, akauangalia mkono wangu, kisha akatazama upande wa pili wa bahari.

"Mie sikuona ntu," alisema.

"Umeniona."

"Sikukuona. Rudi kwenu, maji yanajaa."

Mtu mwengine angeshukuru. Mimi nilihesabu haraka. Siri ya watu wawili kwetu hukaa siku mbili. Ya tatu watasema fulani kasamehewa kwa kuwa alikuwa mkewe, ya nne watasema kasamehewa kwa ajili ya chama, na ya tano watu wote wangekuwa mwambani na vyuma vyao, kila upande ukisema wa kwanza alikuwa wa upande ule. Na wale wenye milango wangetolewa mwanzo, kwa sababu ndio rahisi. Hiyo ndiyo sababu nzuri. Sababu nyengine ni kuwa nisingekufa na deni la fadhila kwa mwanamme yule.

Nilitoka pwani nikaenda moja kwa moja kwa sheha na mchokoo wangu, nguo zinachuruzika. Nikamwambia: nimeonekana upande uliofungwa na chombo mkononi, siku ya kufungua nitakaa pwani. Sheha alikuwa anakunywa chai. Alinitazama kama anayetafuta mtego. "Kanuni umeitunga wewe," alisema mwisho, kwa huzuni kabisa, "tutafanyaje?"

Njiani ndipo nilipokumbuka pikapu ya kaka.

Nilimweleza mama yote, nikianza na ule mkono na kile kijiwe. Alinisikiliza akiwa amekaa juu ya mkeka, vidole vyake vikipapasa ukili. Niliposema vishada vya mayai, vidole vilisimama. Kisha akasema, "Mama yangu naye hakujua." Akaniuliza kama yule wa shimo la nne nilimwacha. Nikamwambia nimemwacha na mlango nimeurudishia mwenyewe. Akasema vyema. Kisha, akiwa bado anatazama mbele, "Sasa nani ataingia kwa ajili yetu?"

Hilo ndilo lililokuwa gumu. Kumtuma mtu kwenye mashimo yako lazima umwambie yaliko, na ukishamwambia umempa milele. Huwezi kulichukua neno likarudi. Wenzangu wote walikuwa na mashimo yao ya kushughulikia siku ile. Asiyekuwa na shimo kijiji kizima alikuwa mmoja tu. Alikuwa mwanamke aliyetoka Kojani, na kuolewa kwetu, na mgeni hana shimo. Kila bamvua alikuwa akifuata nyuma ya wenzake akichungulia walikokwishapita. Na aliolewa na nani? Na yule yule mume wangu wa zamani. Miaka yote ile sikuwahi kumwitikia salamu zaidi ya kichwa.

Nilikwenda kwake. Nilipiga hodi kwenye nyumba niliyokuwa nikiifagia mimi. Alitoka, akaona ni nani, akafunga mtandio vizuri kana kwamba amekuja mkuu wa mkoa.

"Karibu, dada," alisema. "Mume hayupo."

"Sikuja kwa mume. N'najua sura yake." Alicheka kwa kushtukia, kisha akajizuia. Nikaona kuwa anaweza kucheka, na mambo yakawa mepesi kidogo. Nikamwambia shida yangu. Nusu kwa nusu, na atakachookota kwengine ni chake mwenyewe.

"Mashimo ya mama yako?" aliuliza. "Unionyeshe mie?"

"Sitakuonyesha, siruhusiwi kuingia. Nitakwambia. Wee uweke kichwani."

Tulikaa uani kwake siku mbili, baada ya alasiri. Nilimchorea mchangani kwa kijiti, mashimo yote ishirini na mawili, na yeye akawa anayarudia: kichogo cha ng'ombe, msikiti na mnazi, lile la pembeni mwa mkondo. Watu wa Kojani wana akili ya bahari, sikatai. Siku ya pili alinisahihisha mimi mahali nilipokosea mkondo. Kila tulipomaliza nilifuta mchanga kwa mguu, na kila nilipofuta moyo ulikuwa unaniuma. Mwisho nikamwambia lile jambo. Shimo lenye mlango usiliguse. Hata akiwa mkubwa vipi. Alinitazama sana. "Wenzio wanasema hayo ndo bora," alisema. Nikamwambia kwa nini. Nikamwambia na juu ya kile kijiwe. Aliweka mkono tumboni kwake, na hapo ndipo nilipoona kuwa ana mimba.

Siku ya kufungua watu walijaa pwani kabla jua halijapanda. Wachuuzi wa Tumbe walikuja na baiskeli na gari mbili za barafu. Wazamiaji walikuwa wamekaa juu ya mitumbwi yao, miwani kwenye paji la uso, wamekatazwa kusogea. Kaka yangu naye alifika kama alivyoahidi. Alikuwa amepitia nyumbani, amemchukua mama kwenye kiti cha mbele, na kitanda cha mama kilikuwa kimekwisha kufungwa nyuma kwa kamba. Sikumlaumu. Alikuwa amesikia kuwa nimezuiliwa, na kuahidiana ni kuahidiana. Nilikaa mchangani karibu na gurudumu la pikapu, mikono mitupu, mbele ya kijiji kizima. Kila aliyepita alinipa pole kwa macho na kunichekea kwa mdomo.

Bwana diko akapiga firimbi. Wanawake wakaingia.

Sijui niwaeleze vipi waliokuwa hawapo. Kelele ya kwanza ilitoka baada ya dakika chache, mwanamke mmoja akapiga kigelegele, akamwinua pweza juu kwa mikono miwili na mikono ya yule pweza ikafika mapajani mwake. Kisha kigelegele kwengine, na kwengine. Wazamiaji wakasimama juu ya mitumbwi wapate kuona. Mama akanishika bega kupitia dirishani. "Nini? Wanalilia nini?" Nikamwambia, "Wakubwa, mama. Wakubwa kama wale wa zamani." Akataka nimwambie tena.

Mwanamke wa Kojani nilikuwa nikimfuata kwa macho. Alikwenda moja kwa moja, hakupotea hata hatua moja, akiinama na kuinuka. Mahali pengine aliinama, akakaa vivyo hivyo, kisha akainuka bila kitu na kwenda mbele. Nilijua pale ni la nne. Mbele tena akafanya vile vile. Mwanamke aliyekuwa karibu naye alimpigia kelele, akamwonyesha, labda akidhani hajui. Yeye akatikisa kichwa. Kaka yangu, ambaye hajui mwamba wala mawimbi, aliniuliza, "Mbona huyu anaacha?"

Alirudi anaburura kapu kwa kamba, halichukuliki kichwani. Watu walimpisha. Alipita mbele ya mume wake aliyekuwa bado anangojea firimbi yake, akaja akasimama mbele yangu, tumbo limetoka, maji yanamchuruzika, akalimwaga kapu lote mchangani miguuni kwangu.

"Mashimo yako haya, dada," alisema kwa sauti ya kusikiwa na wote. "Gawa weye."

Yule mchuuzi wangu alikuja na mizani. Pweza wa kwanza alimshika kwa mikono miwili. Alimweka kwenye mizani, nami maneno yangu niliyabakisha mdomoni. Tuligawa nusu kwa nusu, na kila mmoja wetu akawa anamsukumia mwenzake mkubwa, mpaka watu wakatucheka. Sehemu yangu peke yake ilizidi bamvua zima la mwaka uliopita.

Mama alikuwa ameshuka garini kwa kupapasa. Alitaka kushika. Nilimwekea pweza mmoja mapajani, akampima kwa viganja, akamfuata mkono mmoja tangu shina mpaka ncha. Kisha akamwita yule mwanamke wa Kojani karibu.

"Yenye milango," alimwuliza, "umeyakuta mangapi?"

"Mane, mama. N'yaacha yote."

"Wamo?"

"Wamo. Mmoja kaninyang'anya kijiwe."

Kaka yangu alikuwa amesimama na funguo za gari mkononi. Alikuwa amewaona pweza, na ahadi yake alikuwa anaikumbuka, lakini ni mtu wa kupenda kusikia jambo likisemwa. "Sasa, mama," aliuliza, "tunakwenda Jadida au vipi?"

Mama aligeuza uso kuelekea sauti yake. "Mwanangu," alisema, "mie n'na wazazi wane kule, nyuma ya milango yao, hawajatoka arubaini. N'ende Jadida niwaache na nani?"

Kaka yangu alimtazama, akanitazama mimi. Kisha akapanda nyuma ya pikapu na kuanza kufungua kamba za kitanda.